Don Mills ya Toronto: yanayosemwa na yaliyopo

Mwambie ndugu yako wa Dar es Salaam kwamba unaishi pembezoni mwa Toronto. Atakuwazia nyumba zilizobanana zisizo na maji, au majumba ya ushuani yenye mageti na walinzi. Don Mills, kaskazini-mashariki ya katikati ya jiji, si huku wala si kule.

Kwanza, si nje ya jiji. Ujenzi ulipoanza mwaka 1953, hapo palikuwa mashamba ya North York. Tangu 1998 North York imeunganishwa na Toronto. Meya ni mmoja.

Pili, wengi hudhani mahali palipopangika hivi lazima serikali ndiyo iliyopanga. Hapana. Mwenye ardhi alikuwa E. P. Taylor, tajiri wa viwanda vya bia, na mchoro alimpa Macklin Hancock, kijana ambaye hata miaka thelathini hajafika. Kampuni ya Taylor ndiyo iliyolipia hata mabomba ya maji na majitaka. Barabara mbili kubwa, Don Mills na Lawrence, zinaligawa eneo robo nne, kila robo na shule yake na bustani yake. Katikati ni maduka, yamezungukwa na barabara ya duara iitwayo The Donway.

Barabara za ndani zinapindapinda mpaka mgeni anaona kama mpimaji alilewa hiyo bia ya Taylor. Zimepindwa makusudi, dereva apunguze mwendo na gari la kupita tu lisipate mkato. Mkato ni wa mwenye miguu: kati ya uzio wa nyumba na nyumba kuna vichochoro vinavyotokea bustanini na shuleni, mtoto afike darasani bila kuvuka barabara kubwa. Vipo hadi leo, na ramani ya simu ikikuzungusha kwa gari, ujue kichochoro kiko karibu.

Utasikia pia, tena kwa wenyeji wenyewe, kwamba hiki ndicho kitongoji cha kwanza kupangwa Kanada. Leaside, jirani wa kusini, ilichorwa na Frederick Todd mwaka 1912. Jambo jipya Don Mills lilikuwa mwekezaji mmoja kuweka nyumba, maduka, shule na viwanda kwenye mchoro mmoja, na kusimamia hata rangi za nyumba. Tena hazikuwa nyumba za familia mojamoja tu. Maghorofa ya kupanga yalikuwemo tangu mwanzo. Lililokwama ni lile wazo la watu kuishi na kufanya kazi palepale. Bei za nyumba zilipanda, na wafanyakazi wengi wakawa wanakuja asubuhi na kuondoka jioni.

Sasa dhana ninayoipenda kuliko zote: kwamba Don Mills haituhusu. Mkenya atakuapia kwamba Bata ni ya Limuru, na Mtanzania naye ana Bata yake ya utotoni. Kampuni hiyo ilianzia Zlín, katika Ucheki ya leo, mwaka 1894. Thomas Bata, mtoto wa mwanzilishi, alikimbilia Kanada mwaka 1939 Wanazi walipoivamia nchi yake, na mwaka 1965 makao makuu yakafunguliwa barabara ya Wynford, hapahapa Don Mills. Kwa hiyo viatu vyeusi vya shule ulivyonunuliwa Januari, vikubwa kidogo ili uvikulie, bosi wa mabosi wake alikaa huku kwenye theluji.

Jengo lile lilibomolewa mwaka 2007. Kwenye eneo hilo sasa lipo Jumba la Makumbusho la Aga Khan, lililofunguliwa 2014, la mawe meupe, kazi ya msanifu Fumihiko Maki, likitazamana na Kituo cha Waismaili chenye kuba la kioo kilichobuniwa na Charles Correa. Katikati yake kuna bustani yenye vidimbwi. Waismaili wengi wa Toronto walitoka Kenya, Tanzania na Uganda, na kundi kubwa lilifika baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Ukikaa pale jioni ya kiangazi usimsengenye mtu kwa Kiswahili ukidhani uko ugenini. Mzee wa benchi la pili anaweza kukuitikia.