Je, wajua kwa nini kusuka kikapu kunaweza kumtuliza mwanamke aliyepatwa na kiwewe?

Mkoani Kigoma, ambako wakimbizi kutoka Burundi na Kongo wamekuwa wakipokewa kwa miongo mingi, si ajabu kukuta wanawake wameketi mkekani chini ya mwembe, wakisuka vikapu na kuzungumza kidogo sana. Mpita njia atadhani wanatafuta riziki tu, na wala hatakosea, lakini kuna jambo jingine linaloendelea katika miili yao.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Ndani ya ubongo ipo sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo ndiyo hupiga mbiu hiyo, na kwa mtu aliyenusurika vita, ubakaji au msiba wa ghafla inaweza kuendelea kuipiga miezi kadhaa baada ya jambo lenyewe kwisha. Usingizi hukatika, na mlango ukibamizwa mwili mzima hushtuka. Wakati huohuo kumbukumbu za tukio huweza kubaki vipande vipande, sauti hapa, harufu pale, kiasi kwamba mwanamke akiulizwa ilikuwaje hunyamaza, si kwa ukaidi, bali kwa kuwa hana bado masimulizi ya kutoa.

Kikapu hakimdai masimulizi. Kusuka ni mwendo uleule unaorudiwa, na pumzi huelekea kuufuata; tena kazi hiyo huwataka macho na vidole wawe makini kiasi cha kuyazuia mawazo yasirudi nyuma kila mara. Mwaka 2016, Girija Kaimal na wenzake nchini Marekani walipima kortisoli, yaani homoni ya msongo, katika mate ya watu 39 kabla na baada ya dakika 45 za kazi za sanaa, wakaona imeshuka miongoni mwa takriban asilimia 75 ya watu hao, wazoefu wa sanaa na wasio wazoefu sawia. Hao, hata hivyo, walikuwa watu wazima wenye afya njema, hivyo matokeo hayo yatupe mwanga tu, yasigeuzwe kuwa ahadi ya tiba.

Kivuli cha mti nacho kina mchango wake. Mwaka 1984, Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 46 wa Pennsylvania waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo: waliolala karibu na dirisha lililotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Hapa ndipo ninapoona uangalifu unatakiwa zaidi, kwa sababu si kila uoto humtuliza kila mtu. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, wapo wanawake walioshambuliwa walipokwenda kutafuta kuni nje ya kambi. Kumpeleka mwanamke wa namna hiyo porini eti apumzishe akili ni kumtonesha kidonda. Kwake, mazingira ya kumfaa huenda yakawa tuta la mchicha nyuma ya nyumba au mti ulio mahali pa wazi, na mwenye kuchagua ni yeye mwenyewe.

Kikundi nacho kina kazi yake, kwa kuwa maneno mazito hutoka kwa urahisi zaidi macho yakiwa kwenye ukili kuliko yakitazamana na muulizaji. Mapato pia husaidia, ilimradi mnunuzi asije na haraka zake akaugeuza mkeka ule kuwa chanzo kipya cha msongo. Na iwapo jinamizi na mishtuko vinaendelea zaidi ya mwezi mmoja, au mtu anazungumzia kujiua, asuke akitaka, lakini apelekwe pia kwa mhudumu wa afya ya akili, na katika hilo la kujiua isisubiriwe hata siku moja.