Mtoto mwenye kipaji anayesomea nyumbani: wapi utoe pesa, wapi uzishike

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi wa Arusha na Moshi ni la bei. Mzazi ana mtoto wa miaka saba anayesoma gazeti, anazidisha kichwani, anauliza kwa nini mwezi haudondoki, na darasani anasinzia au anasumbua wenzake. Ameamua kumfundisha nyumbani, ama moja kwa moja ama baada ya saa za shule. Anaingia mtandaoni na kukuta programu za watoto wenye vipaji zinazolipiwa kwa dola, kozi moja mamia ya dola, na mitaala ya kigeni inayouzwa kwa pauni. Mama mmoja wa Sakina aliniuliza kwa uchungu: "Mwalimu, kwa hiyo kipaji ni cha wenye nacho?"

Hapana, mama. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu na kazi yangu ni kuwapangia masomo watoto wa namna hii. Ninachokiona ni kwamba pesa nyingi za wazazi huishia kwenye vitabu vya darasa la juu zaidi, na mtoto hakuvihitaji hivyo. Mtoto wa darasa la tatu akipewa hesabu za darasa la tano atazimaliza kwa miezi michache, kisha mtarudi palepale. Anachokikosa ni maswali yanayomfanya akae kimya nusu saa, na mtu mzima anayelipenda somo hilo wa kuzungumza naye. Hivyo viwili hapa kwetu vinapatikana kwa gharama ndogo sana.

Lakini kabla ya masomo, malizana na sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule akifikisha miaka 7 na ahakikishe anahudhuria. Haikuandikwa kwa kuzifikiria familia zinazofundisha nyumbani. Nenda ukazungumze na Afisa Elimu Kata mapema, kwa heshima, ukiwa na ratiba na madaftari ya mtoto mkononi. Usijifiche. Watoto wengi ninaowahudumia wamebaki wameandikishwa shuleni na ule uzito wa kweli wanaupata nyumbani jioni na Jumamosi, na kwa familia nyingi mpango huo ndio ninaoupendekeza, kwa sababu watahiniwa wa mtihani wa taifa wa msingi husajiliwa kupitia shule. Mkubwa anayetaka kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea bila kupitia sekondari, njia yake ni mtihani wa maarifa, ule unaoitwa QT. Ukipanga kwenda na mitihani ya kimataifa ya Cambridge, uliza kwanza kituo kilichoidhinishwa kinatoza kiasi gani kwa mtahiniwa wa nje, maana gharama kubwa iko kwenye mitihani. Muhtasari wa kila somo Cambridge wanauweka bure kwenye tovuti yao, kwa hiyo usikubali kuuziwa.

Mtaala wa msingi usikugharimu kitu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya madarasa yote, na kuvisoma ni bure. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa awamu, hivyo hakikisha unafungua kitabu kipya cha darasa husika. Kwa mtoto mwenye kasi, kitabu hicho ni cha kupimia. Mpe maswali ya mwisho wa sura kabla hujafundisha chochote. Akiyapata, ruka sura nzima. Akikwama, fundisha pale alipokwama tu. Wazazi wengi huogopa kuruka, wanaona kama wanamwibia mtoto, ila kumrudisha kila siku kwenye jambo analolijua ndiko kunakomfanya achukie kusoma. Muda mnaouokoa hapo ndio mtaji wenu.

Chunguza pia mkono wake. Akili inaweza kuwa ya miaka kumi na moja huku vidole ni vya miaka saba, na mtoto akakataa hesabu kwa sababu tu kuandika kunamchosha. Mwache ajibu kwa mdomo, wewe uandike. Mwandiko una kipindi chake.

Sasa tuje kwenye kina. Kwa hisabati naanza na NRICH, tovuti ya maswali ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Ni bure, na maswali yake yametengenezwa yawe rahisi kuyaanza na magumu kuyamaliza. Chukua swali hili la siku nyingi, halihitaji hata intaneti: namba zipi zinaweza kuandikwa kama jumla ya namba kamili chanya zinazofuatana, mbili au zaidi? 9 inaweza: 4 + 5, na pia 2 + 3 + 4. 15 inaweza kwa njia tatu. 8 je? Mtoto wa miaka minane atajaribu, atafuta, atajaribu tena. Akishaandika namba zote mpaka 40 ataona zilizogoma ni 1, 2, 4, 8, 16 na 32, na hapo ndipo somo linapoanza, kwa sababu sasa utamuuliza kwa nini. Kuona kwamba ni vipeo vya 2, kila moja ikiwa maradufu ya iliyotangulia, ni kazi ya jioni moja. Kuthibitisha kwamba ni hivyo siku zote ni kazi inayomtosha hata kijana wa kidato cha pili. Swali moja kama hili nalithamini kuliko kurasa thelathini za mazoezi. Akizoea, mfungulie Alcumus, programu ya mazoezi ya mtandaoni ya Art of Problem Solving, nayo ni bure, inaongeza ugumu kadiri anavyopata. Vitabu vyao ni vizuri lakini ni vya bei. Nunua kimoja, cha mada anayoililia, tena baada ya kuona ameshindwa kuiacha.

Khan Academy, tovuti ya masomo ya video na mazoezi, wengi mnaijua. Inafaa kwa kuziba mapengo, na kwa kijana anayejiendesha mwenyewe inaweza kumpeleka hadi hesabu za chuo. Kinachoumiza ni bando. Dawa yake ni Kolibri, programu ya bure ya Learning Equality iliyotengenezwa kwa sehemu zenye intaneti ya shida. Unapakua masomo mara moja mahali penye mtandao mzuri, yanakaa kwenye laptopu, na laptopu hiyo inayarusha kwa simu na tableti zilizo karibu bila kula hata MB moja. Kuna familia nne za Soweto, Moshi, zinazotumia laptopu moja ya mtumba kwa mtindo huu, watoto wanakutana sebuleni kwa mmoja wao. Kiwix nayo inakuwekea Wikipedia ndani ya simu au flashi. Ya Kiswahili ni nyepesi. Ya Kiingereza nzima pamoja na picha ni kama GB 100, basi chukua ile isiyo na picha. Kwa kompyuta, Scratch, ya kumfundisha mtoto kutunga programu, ni bure, ina Kiswahili ndani yake na inafanya kazi bila mtandao ukishaipakua. Kijana mkubwa aende CS50, kozi ya utangulizi wa kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, ambayo masomo yake yako wazi kwa yeyote. Wadogo wanaojisomea wana African Storybook, yenye hadithi nyingi za Kiswahili za bure, unaweza hata kuziprinti.

Na Kiswahili chenyewe msikiache kwa sababu programu nyingi ni za Kiingereza. Mtoto anayependa mpangilio mpe ushairi: tarbia yenye mistari minne kila ubeti, mizani kumi na sita kila mstari, nane na nane, vina vya kati na vya mwisho. Atahesabu silabi kwa vidole mpaka mumkumbushe kula.

Kwa sayansi, nipeni nafasi nieleze kijiti, kwa kuwa hakuna kifaa cha dukani ninachokiamini zaidi. Simika kijiti cha mita moja wima kwenye ua, upime wima wake kwa uzi na jiwe. Kuanzia saa tatu asubuhi mtoto aweke alama ya ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi. Achore duara ambalo kitovu chake ni kijiti na linalopita kwenye mojawapo ya alama za asubuhi, kisha angoje mchana kivuli kirefuke na kuligusa duara tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo ulipo mstari wa kaskazini na kusini, na katikati ya nyakati hizo mbili ndiyo adhuhuri yenu halisi. Hapo anakutana na jambo la kumshangaza: adhuhuri haiko saa sita. Arusha iko kama saa sita na dakika 33 kwa wastani, Moshi kama saa sita na nusu. Sababu ni kwamba saa zetu zinafuata longitudo ya 45 Mashariki, ambayo haipiti Tanzania, nasi tuko karibu 37. Dunia inazunguka digrii moja kwa dakika nne, zidisha uone. Akirudia kipimo Februari na Novemba atakuta adhuhuri imesogea kwa karibu nusu saa, na kutafuta kwa nini kutamfikisha kwenye mwinamo wa Dunia na njia yake ya yai kuzunguka Jua. Mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri kinalala kusini, Desemba kinalala kaskazini, na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba kinakaribia kutoweka kabisa. Mtoto wa Arusha na wa Moshi wanaweza kupima siku moja na kulinganisha kwa simu. Tofauti yao ni dakika mbili na nusu hivi, na ukiwapa umbali wa kilomita za mashariki kwenda magharibi kati ya miji hii, wana karibu kila wanachohitaji kukadiria mzingo wa Dunia. Jiografia, jiometria, uwiano, makosa ya upimaji, vyote kwa kijiti na saa ya simu.

Walio kwenye miteremko ya Kilimanjaro wana mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji wa Wachagga. Jani, saa na futi kamba vinatosha kukadiria lita ngapi zinapita kwa sekunde, na babu atawaeleza zamu za maji ziligawanywaje, somo ambalo halimo kwenye programu yoyote.

Mkoa wa Arusha una utajiri ambao wazazi tunaupita na daladala kila siku. Makumbusho ya Elimu Viumbe yako ndani ya boma la Wajerumani mjini Arusha, na ya Azimio la Arusha yako Kaloleni. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo. Ngaramtoni kuna hebaria ya taifa, mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa majina yake ya kisayansi. Tengeru kuna makaburi ya wakimbizi wa Poland waliofika wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mtoto anayependa historia ataanza kuuliza Wapoland walifikaje Meru. Anayependa kubishana kwa hoja, mji wa Arusha ndio makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na hukumu zake zinasomeka bure mtandaoni. Piga simu kabla ya kwenda popote. Taasisi hazipendi kushtukizwa na watoto, lakini zikiombwa vizuri nyingi hufungua mlango.

Serikali ina shule za vipaji maalumu, na Ilboru iko hapahapa Arusha, ila mlango wake ni mtihani wa darasa la saba. Miaka yote ya kabla ya hapo iko mikononi mwa mzazi, na ndiyo maana nasema ukiwa na shilingi za kutumia, zitumie kwa mtu. Simaanishi mwalimu wa tuisheni, ambaye kazi yake ni kurudia ya shuleni. Namaanisha mtu anayeishi ndani ya somo. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru ina wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa sayansi na uhandisi, Chuo Kikuu cha Makumira kina wanamuziki, Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika na hospitali ya KCMC. Saa moja kila wiki mbili inatosha. Wengi hawatataka malipo makubwa. Lipa nauli na chakula, na mkiafikiana posho, itoeni kwa wakati. Mazungumzo yafanyike mahali pa wazi, mzazi akiwepo, kila mara, hata mtu huyo awe mwema kiasi gani.

Barua ya maombi aiandike mtoto mwenyewe, kwa lugha yake, ukurasa mmoja. Asitaje kwamba ana kipaji. Aeleze jambo moja alilojaribu, alipokwama, na swali alilonalo. Aambatishe ukurasa wa daftari lenye vipimo vyake vya kijiti au namba zake zilizogoma. Wewe weka namba yako ya simu chini na umwachie msomaji wiki mbili kabla ya kukumbushia.