“Kaza tena, itaacha”: uongo tunaoambiana tangi la choo linapovuja

Hapa Bukavu kwetu maji hurudi usiku. Mchana robine inakohoa hewa tu, halafu saa nane za usiku bomba linaunguruma, tangi la choo linajaa, na asubuhi unakuta sakafu imelowa chini ya fleksibo, ule mpira unaopindika unaopeleka maji kutoka ukutani hadi kwenye tangi. Jirani anaingia na ushauri wake.

“Kaza tena, itaacha.” Kinachozuia maji pale ni mpira mdogo wa duara ulio ndani ya nati ya fleksibo, unaobanwa kwenye mdomo wa vali ya tangi, ile inayoingiza maji na kuyakata. Nyuzi za nati kazi yake ni kuubana tu. Kaza kwa vidole mpaka igome, ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Mdomo huo mara nyingi ni wa plastiki. Mimi niliendelea na spana nikasikia “ka!”, na shughuli ya mpira mmoja ikawa ya kununua vali nzima. Tena, unapokaza, mkono wa pili uishike vali ndani ya tangi, la sivyo itazunguka, boya likwame ukutani mwa tangi na maji yasikatike.

Bado inavuja? Funga robine ndogo ya ukutani, vuta maji, fungua nati uutazame mpira. Utaukuta umekakamaa, umepasuka, au umekalia chembe ya mchanga. Maji yanayorudi baada ya kukatika huja na mchanga na kutu. Kipande cha mpira wa baiskeli kitakuvusha siku mbili tatu, ila mpira halisi ni bei ya kitu kidogo sana.

“Zungushia tefloni ya kutosha,” yaani ule utepe mweupe mwembamba wa kuziba nyuzi. Wapi? Pale robine ndogo inapoingia kwenye bomba la ukutani, sawa, maana ni chuma kwa chuma. Izungushe kufuata upande wa kukazia. Ukienda kinyume itajikunja na kutoka. Kwenye nati ya tangi haisaidii kitu, na ikiwa nene nati haifiki mwisho, mpira haubanwi. Hapo umeongeza kuvuja kwa pesa yako.

“Fleksibo zote ni sawa.” Nenda soko la Kadutu na ile ya zamani mkononi. Nati zina saizi: kuna 12/17, yaani inchi 3/8, na kuna 15/21, nusu inchi. Nati ya 15/21 hupita juu ya nyuzi za 12/17 bila kushika.

“Ni tone tu.” Tone moja kila sekunde ni lita 4 na ushee kwa siku. Kwa mwezi, bidoni sita za lita 20. Muulize anayezipandisha mlimani.

“Panapodondoka ndipo panapovuja.” Maji huteremka na fleksibo. Futa kote, funga karatasi ya choo kwenye kila kiungo ukianzia juu: itakayolowa kwanza ndiyo yenyewe. Ikiwa ni nati kubwa inayoishikilia vali chini ya tangi, fleksibo haina kosa.

“Mchana haikuvuja, imepona.” Mchana presha ilikuwa wapi? Kwenye bomba lile lile, kila mita 10 za kushuka huongeza karibu bar 1, kwa hiyo sisi wa chini, huku ziwani Muhumba, tunapigwa zaidi maji yakirudi. Nikimaliza kutengeneza naacha karatasi kavu chini ya nati, naenda kulala, na asubuhi naiangalia kabla ya chai.