Mmoja kati ya wanne: dhana potofu kuhusu nasibu, urithi na selimundu

Mume na mke wamepimwa, na wote wawili wamekutwa na AS: jeni moja ya kawaida, A, na moja ya selimundu, S. Selimundu ni ugonjwa wa kurithi unaozikunja chembe nyekundu za damu mfano wa mundu. Wanaambiwa kwamba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa, yaani SS, ni mmoja kati ya wanne. Kauli hiyo ni sahihi, lakini wengi huielewa kinyume. Wapo wanaoisikia kama ahadi, wapo wanaoisikia kama hukumu, na makosa yote mawili huwaumiza watoto.

Dhana: "Tumeshapata mgonjwa mmoja, basi watatu watakaofuata watakuwa wazima."

Hili ndilo kosa kubwa, na kulirekebisha kunahitaji kujua nasibu yenyewe inakaa wapi. Jeni inayohusika iko kwenye kromosomu namba 11, na kila mzazi ana kromosomu hiyo mbili. Yai linapokomaa hubeba moja tu kati ya hizo mbili, na kila mbegu ya kiume vilevile hubeba moja. Kwa baba mwenye AS, takriban nusu ya mamilioni ya mbegu zake zina S na nusu zina A. Yai la mwezi huu halijui yai la miaka mitatu iliyopita lilibeba nini, wala hakuna mahali popote mwilini panapoweka hesabu ya watoto waliokwisha kuzaliwa. Kwa hiyo kila mimba inaanza upya: robo SS, nusu AS, robo AA. Iwe ya kwanza au ya saba, ni hivyohivyo.

Sasa tuchukue familia 256 ambazo wazazi wote wawili ni AS na kila moja ina watoto wanne. Kwa wastani, familia 81 hazitakuwa na mtoto hata mmoja mwenye SS. Familia 108 zitakuwa naye mmoja, 54 wawili, 12 watatu, na familia 1 itakuwa na watoto wote wanne wagonjwa. Tazama vizuri: familia zenye mgonjwa mmoja kamili, ile picha ambayo watu wengi wanaibeba kichwani, hazifiki hata nusu.

Asiyeamini ajaribu nyumbani kwa sarafu mbili, moja ya baba na moja ya mama. Upande wenye sura ya mtu uwe S, upande wa pili uwe A. Zirushe zote mbili kwa pamoja. Zikitua sura kwa sura, umepata SS. Mirusho minne ni familia moja. Andika idadi ya SS, kisha anza familia nyingine, mpaka zifike 30. Utakuta kama familia 9 au 10 hazina mgonjwa, 12 au 13 zina mmoja, 6 zina wawili, na moja au mbili zina watatu au zaidi. Ukifanya familia tano tu ukaacha, matokeo yatakupotosha, kwa sababu uwiano huu huonekana kwenye wingi, si kwenye uchache. Mwalimu wa biolojia au hisabati anaweza kulifanya zoezi hili darasani kwa kipindi kimoja, kila mwanafunzi akiwa na familia yake.

Kosa hilihili limewafilisi wacheza kamari. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, gurudumu la ruleti lilitua kwenye nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walizidi kumwaga fedha kwenye nyekundu wakiamini kwamba sasa ni zamu yake. Gurudumu halina zamu, na mimba pia haina.

Mapacha wana utaratibu wao. Wanaofanana, waliotokana na yai moja, hupata jibu moja. Wasiofanana ni mirusho miwili tofauti, ingawa imetokea siku moja.

Dhana: "Watoto watatu wagonjwa katika nyumba moja, hapo pana mkono wa mtu."

Turudi kwenye zile familia 256. Kumi na mbili zina wagonjwa watatu na moja ina wanne, na hakuna aliyezifanyia chochote. Nchini Uganda, uchunguzi wa damu za karibu watoto wachanga 100,000 uliotolewa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 wana AS. Kama watu wangeoana bila mpangilio wowote, kiwango hicho kingetoa ndoa 18 hivi za AS kwa AS katika kila ndoa 1,000. Ukizidisha kwa nchi nzima, nyumba zenye msiba wa aina hii lazima zitakuwapo, na nyingi. Jirani huiona moja tu, ile ya mtaani kwake, na ikiwa peke yake inaonekana kama jambo lililopangwa.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hiyo inalifichua. Robo ya ndoa 18 kwa 1,000 ingetupa wagonjwa wasiofika asilimia 0.5, lakini uchunguzi ulikuta asilimia 0.7. Sababu mojawapo ni kwamba hatuoani kwa nasibu. Watu huoana karibu na kwao, na jeni ya S haikutapakaa sawasawa: ziko wilaya ambako zaidi ya watu 20 katika 100 wana AS, na ziko ambako ni wachache sana. Mahali penye watu 20 katika 100, mtoto mmoja katika kila 100 anaweza kuzaliwa na SS. Anayepanga kliniki kwa kutazama wastani wa taifa atazipunja wilaya hizo.

Dhana: "Ugonjwa huu umetoka ukoo wa mama."

SS ni herufi mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mzazi mmoja akiwa AS na mwenzake AA, nusu ya mimba kwa wastani zitakuwa AS, na SS haitarajiwi. SS akizaa na AA, watoto wote ni AS. Hapo nasibu haina nafasi kabisa. SS akizaa na AS, kwa wastani nusu ni SS na nusu ni AS.

Kuna ndoa zilizovunjika kwa sababu mtoto ana SS na baba "amepimwa, hana". Kabla ya kumtuhumu mtu, ulizeni ni kipimo gani kilichotumika.

Dhana: "Kipimo cha siklingi kinatosha."

Siklingi ni damu iliyochanganywa na dawa inayoondoa oksijeni, kwa kawaida sodiamu metabisalfaiti, kisha ikatazamwa kwa hadubini kama chembe zinajikunja mfano wa mundu. Ni rahisi na haraka, lakini mapungufu yake ni makubwa. Chembe za AS zikiondolewa oksijeni hujikunja pia, kwa hiyo jibu chanya halisemi kama mtu ni AS au SS. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza kusema hana wakati anao, kwa sababu himoglobini ya utotoni (himoglobini ni protini ya damu inayobeba oksijeni) bado imetawala damu yake. Aliyeongezewa damu hivi karibuni anapimwa kwa kiasi fulani damu ya mtu mwingine. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo mweleze mtaalamu wa maabara, na kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu au minne.

Tena siklingi haioni kasoro nyingine za kurithi za himoglobini: thalasemia ya beta, himoglobini C wala himoglobini D. Yeyote mwenye moja ya hizo akizaa na mwenye AS, mtoto anaweza kupata ugonjwa wa jamii ya selimundu ingawa mzazi mmoja aliambiwa hana kitu. Wanaotaka kuoana waombe elektroforesisi ya himoglobini, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, na waandikiwe majibu kwa herufi kamili: AA, AS, SS au vinginevyo. Neno "hasi" peke yake kwenye karatasi halitoshi.

Dhana: "Mwili uliibadilisha jeni ili kujikinga na malaria."

Hapa vitu viwili vinachanganywa. Kila mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya kama 60 hivi katika vinasaba vyake, makosa ya kunakili yasiyolenga lolote, na mengi hayana athari. Selimundu ni kosa la namna hiyo: herufi moja ya vinasaba, A (si ile A ya AS), iligeuka T, na kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini kiungo kimoja cha protini, asidi ya glutamiki, kikaacha nafasi ya sita kwa kingine, valini. Hilo lilitokea kwa nasibu maelfu ya miaka iliyopita, bila kujali kama mahali hapo pana mbu.

Kilichofuata hakikuwa nasibu. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za makabila mbalimbali ya nchi hiyo. Karibu na Pwani na Ziwa Victoria alikuta zaidi ya watu 20 katika 100 wana S. Kwenye nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Ramani ile ilifanana na ya malaria, na mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba wenye AS wana kinga. Watoto wa AS walipona malaria kali kuliko wenzao wa AA, wakakua, wakazaa, na S ikaendelea. Kwenye baridi ya milimani, ambako malaria haikuwa tishio, S haikuwa na faida ya kuibakiza. Nasibu ilileta kosa. Malaria ndiyo iliyochagua libaki wapi.

Dhana: "Mwenye selimundu hapati malaria."

Kinga ni ya AS, na si kamili. Utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba AS hupunguza malaria ya kawaida kwa asilimia 50 hivi na malaria kali kwa karibu 90. Chandarua bado kinahitajika. Kwa mwenye SS hali ni kinyume: malaria ikimpata, hatari ya kupungukiwa damu na kufa ni kubwa sana. Kumnyima mtoto wa SS dawa za kujikinga na malaria kwa kuamini kwamba amekingwa tayari ni kosa linaloua.

Dhana: "Kama ni nasibu, hakuna la kufanya."

Nasibu inaishia mimba inapotungwa. Baada ya hapo, hatima ya mtoto inategemea sana anachopewa. Penisilini ya kunywa hutolewa mara mbili kwa siku, kuanzia miezi miwili au mitatu hadi miaka mitano; katika jaribio la Marekani la mwaka 1986, kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, ilipunguza maambukizi makali ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84. Kiasi cha kawaida ni miligramu 125 kila mara kabla ya miaka mitatu, kisha 250. Hidroksiyurea, dawa ya kunywa ya selimundu, ilijaribiwa kwa watoto 606 katika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, malaria imepungua na vifo vimepungua. Dozi yake hupangwa kwa kilo za mtoto na huhitaji kupima damu mara kwa mara, kwa hiyo isinunuliwe kiholela. Chanjo za nimonia zisikoswe.

Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi kwa mtoto wa SS ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama anacheza. Wazazi waombe kliniki iwafundishe kupapasa bandama, upande wa kushoto chini ya mbavu, na walifanye hilo kila siku wakati mtoto ni mzima ili wazoee ukubwa wa kawaida. Uvimbe ukiongezeka ghafla, mtoto akapauka na kulegea, damu nyingi imenaswa humo na anahitaji kuongezewa. Asisubirishwe hadi asubuhi.