Moshi wa Tabora Unatoka Wapi?

Mwezi wa nane, alfajiri, moshi umelala juu ya mabati ya Tabora mjini, na kila mtu ana wake wa kumlaumu. Huyu anataja moto kichaa wa porini, yule matanuri ya mkaa, mwingine vumbi la bodaboda au jirani anayechoma taka. Kifaa cha kupimia hewa hakimtaji yeyote. Kinatoa namba tu: mikrogramu kadhaa za chembe laini katika mita moja ya ujazo. Chembe hizo hazizidi mikromita 2.5, nyembamba kuliko unywele mara ishirini na zaidi, ndiyo maana hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5.

Ili namba hiyo iseme, kwanza tunaangalia saa. Moshi wa jikoni hupanda asubuhi watu wanapochemsha chai na jioni ugali ukisongwa, na baridi ya usiku wa kiangazi huubana karibu na ardhi. Vumbi ni la mchana, barabara zikichangamka na upepo ukivuma. Tena chembe za vumbi nyingi ni kubwa, za moshi ni ndogo. Ukipima zote mbili kwa pamoja, uwiano wake tayari unakupa fununu.

Kisha kuna karatasi ya chujio, nyeupe, upana wa milimita 47. Hewa ikivutwa kupitia humo saa 24, karatasi hubaki na rangi: nyekundu ya udongo siku za vumbi, nyeusi siku za moshi. Maabara huipima elementi. Silikoni na alumini ni za udongo. Potasiamu kwa wingi huashiria kuni na majani yaliyoungua. Ukiwa na chujio za siku nyingi, programu hutafuta elementi zinazopanda na kushuka pamoja, kwa sababu zinazotembea pamoja aghalabu zimetoka mahali pamoja. Lakini kompyuta haijui jina la mahali hapo. Hapo ndipo wengi hukosea.

Bani la tumbaku, yaani banda la kukaushia majani yake kwa moto, tanuri la mkaa na jiko la mafiga vyote huchoma miti, na vyote huacha potasiamu. Kemia peke yake haivitenganishi. Inabidi ujue kwamba mabani ya wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge huanza kuwaka mvua zikingali zinanyesha, ilhali moto kichaa husubiri nyasi zikauke. Moshi wa Machi na wa Agosti hauna mwenyewe mmoja. Setilaiti husaidia kwa moto wa porini, maana huona joto lake kutoka angani, ila tanuri lililofukiwa udongo huweza kuipita kabisa.

Vifaa vya bei nafuu navyo vina kasoro yake: masika, unyevu hunenepesha chembe na kifaa hudhani moshi umeongezeka. Lazima vilinganishwe na kifaa cha uhakika kwanza.

Kwa hiyo, kama kuna kifaa shuleni au zahanati ya mtaani kwenu, wekeni daftari pembeni yake. Andikeni siku taka zilipochomwa, siku tanuri lilipowashwa, upepo ulikotokea. Nikiletewa namba bila daftari hilo, nusu ya kazi yangu ya kutafuta moshi ulikotoka inabaki kukisia.