Mentalisti siyo mchawi jamani, na mganga pia siyo

Nimevumilia wiki mbili nimeshindwa. Nikikaa kijiweni, nikipanda bodaboda, nikienda dukani kununua sabuni tu, stori ni ile ile ya "yule mchawi aliyekuja ukumbini". Wengine wanasema mganga, wengine mtabiri, na kuna dogo mmoja fundi simu hapa Isevya, Tabora, ye kashafunga kesi kabisa, ni Freemason. Afu hao wote walikuwepo, walilipa kiingilio, na yule mzee aliyekuja kufanya shoo, kabla hajafanya chochote alishika maiki akasema mi ni mentalisti, sina jini, sina dawa, nina miaka arobaini tu ya kuwatazama watu. Yani mtu kajitambulisha mwenyewe, kwa Kiswahili, na we umekaa kiti cha mbele, ukitoka nje unampa jina lingine.

Haya. Mentalisti ni msanii wa jukwaani anayeigiza kusoma mawazo ya watu, kubashiri utachagua nini, kujua namba au jina uliloficha kichwani. Anaigiza. Anatumia mazoezi, ujanja, kumsoma mtu sura na mwili, na uongo wenye adabu. Maana imeishia hapo, sasa nije kwenye linaloniuma.

Neno lenyewe kwanza. Walatini walikuwa na neno mens, likibadilika kwenye sentensi linakuwa mentis, maana yake akili. Ndo mzazi wa "mental" ya Kiingereza, na ndo lipo ndani ya demensha, ugonjwa wa wazee kupoteza kumbukumbu, ambao jina lake ukilifungua ni kama akili imeondoka. Huku kwetu "mental" imefika kwa mlango wa hospitali peke yake, kwa hiyo siku tangazo la spika lilipopita mtaani watu walicheka wakasema analetwa mtu wa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma. Hiyo -isti ya mwisho ni ya mtu na shughuli yake, kama pianisti na piano yake, dentisti na meno. Dentisti anakung'oa jino hujasikia kitu na humwiti mchawi. Kwa hiyo mentalisti ni mtu wa akili, anayefanya kazi kwenye akili, na akili yenyewe anayoifanyia kazi ni ya kwako wewe uliyekaa kwenye kiti.

Sa hapo ndo anapoachana na mazingaombwe. Tuliosoma shule za msingi tunamjua mtu wa mazingaombwe, anakuja na begi lake, mnachanga hela kidogo, mnajazwa darasa moja na madirisha yanazibwa, anakata kamba inaunga, anakunja gazeti linatoa noti. Jina la pili la ile kazi ni kiini macho, na kiini ni ile katikati ya kitu, kiini cha yai, kiini cha jicho, kwa hiyo jina limeshakuonyesha unapopigiwa, ni machoni. Mentalisti anaweza akakaa kwenye kiti mikono mitupu, hana kamba hana gazeti, na ukalala usiku unajigeuza unawaza kanijuaje. Macho yako hayakukosea kitu. Kilichokosea ni hesabu uliyopiga mwenyewe.

Na mganga je? Mganga ni wa kuganga, na kuganga ni kutibu, kufunga kilichovunjika, ndo maana tunasema yaliyopita si ndwele tugange yajayo. Kupiga ramli ni kazi nyingine ambayo waganga wengi wameibebesha kwenye kapu moja, na ramli yenyewe ni Kiarabu, raml, mchanga, kwa ile mistari inayochorwa mchangani. Mi nikiliwaza hilo neno naona misafara ya Bagamoyo ikipita hapa hapa, enzi mji unaitwa Kazeh, ikielekea Ujiji na mizigo yake na maneno yake.

Wazee wetu walikuwa makini kuliko sisi. Kwenye Kinyamwezi mfumu ni mtu mmoja na mlogi ni mtu mwingine kabisa, mmoja unamfuata akusaidie na mwingine ndo aliyekufanya umfuate huyo wa kwanza. Wayeye, wale wacheza na nyoka, wana nyoka wao, wana ngoma zao na dawa zao, watu wanasimama duara kuwaangalia, na wana jina lao, hawachanganywi na mlogi. Bibi yangu ungemwita mfumu mlogi mbele yake usingemaliza sentensi. Sisi tuna simu na vifurushi, tuna neno moja tu, mchawi, tunampaka kila mtu, mpaka mshambuliaji akifunga mbili.

Ngoja niwaambie nilichokiona, maana nilikaa pembeni ya njia, nikaona. Yule mzee alitoa bahasha akasema humu kuna nusu ya malipo yangu ya leo, ificheni, nikiikosa ni yenu. Akatolewa nje na watu wawili, mmoja mwalimu, akasimama nao chini ya mwembe mziki umefunguliwa. Ndani tukabishana weee, mwisho ikachimbiwa kwenye beseni la karanga la mama mmoja aliyekuwa anauza mlangoni na akaingia kuchungulia, ikafunikwa na karanga juu. Mzee akarudi. Akamchagua binti mstari wa pili, akampa ncha moja ya leso, akashika nyingine, akamwambia usiniongoze mwanangu, we waza tu ilipo.

Watu wote wakatazama uso wa mzee. Mi nikatazama leso. Akienda kulia leso inavutika kidogo, akigeuka kushoto inalegea, mpaka wakafika mlangoni, na akalipita beseni, hatua moja, mbili, afu binti wa watu akashusha pumzi, ile pumzi ya mtu aliyeona gari limempita kituo. Mzee akasimama. Akarudi nyuma, akainama, akachomeka vidole viwili kwenye karanga. Ukumbi ulivyolipuka ungedhani Simba kafungwa. Ye akatafuna karanga mbili akamwambia mama, hizi unanidai.

Hilo jambo lina jina, kusoma misuli, na lina umri mkubwa. Mtu anayejua kitu kilipo mwili wake unaelekea huko bila yeye kujua, au unasita ukipelekwa kwingine, na daktari mmoja Mwingereza, William Carpenter, aliielezea hiyo misogeo isiyokusudiwa mwaka 1852. Aliyeifanya iwe maarufu kwenye runinga ni Mmarekani, Kreskin, kazaliwa New Jersey 1935 kwa jina la George Kresge, kafariki Desemba 2024 akiwa na miaka 89. Alikuwa anafanya hivyo hivyo na cheki ya malipo yake, watazamaji wanaificha, asipoiona haipati, na mara chache kweli aliikosa. Naye miaka yote alikuwa anakataa kuitwa mwenye nguvu za ajabu, anasema ye ni mentalisti. Kwa hiyo yule mzee wetu hakuokota pale, kafuata njia ya wakubwa zake kwenye kazi.

Afu kuna pale alipokosea. Alimwambia mama mmoja mwalimu wako wa kwanza alikuwa anaitwa Rehema, mama akasema hapana, Rukia. Nikasema hapa sasa watu watafunguka. Weee. Jirani yangu akaninong'oneza, "Majini yake leo yamechoka." Akipata ni majini, akikosa ni majini yamechoka! Na mi nina wasiwasi alikosea makusudi, maana mtu anayepata kila kitu anafanana na mtu aliyepanga, ila anayepata Ru akasema Re anafanana na mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

Sehemu nyingine alisimamisha kaka mmoja, akamwambia wewe unaonekana mchangamfu ila kuna vitu unavimeza peke yako, na kuna mtu ulimsamehe kwa mdomo tu. Kaka wa watu machozi. Sasa we niambie nani humu ndani hajasamehe mtu kwa mdomo tu? Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja karatasi yake, wakaambiwa wayape alama mpaka tano kwa usahihi. Wastani ukatoka 4.26. Karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, na mengi aliyatoa kwenye kitabu cha nyota.

Mpiga ramli chonganishi anayajua maneno hayo hayo, na ndo maana nakasirika wakiwekwa kundi moja. Mzee wa ukumbini kakukatia tiketi ya kudanganywa, umejua, umecheka, umeenda kulala. Yule mwingine anakwambia aliyekufanyia ni mama mwembamba jirani yako upande wa jua linapozama, hakuambii kwamba anaigiza, na unarudi nyumbani na jina la mtu kichwani.

Na neno mchawi kwetu siyo la kuchezea. Kigoma wanaijua kamchape, ile ya kusaka wachawi, sisi huku tunawajua lambalamba wanavyoingia kijiji wanakusanya watu na kuchimbua vitu kwenye vyumba vya watu. Bibi wameuawa mikoa yetu hii kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyopigwa moshi wa kuni miaka hamsini. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na kujitangaza una nguvu hizo ni kosa, ila yule mzee alijitangaza hana, tuliompa ni sisi. Shoo ilipoisha nikamfuata nikamwamkia, shikamoo mzee, nikampa mkono. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akaficha mikono mfukoni, akasema hapana, atanichukulia nyota. Mzee akabaki kanyoosha mkono hewani, afu akautumia kujifuta jasho.

Juzi shangazi kaniuliza tena yule mchawi wako ameshaondoka. Nikamwambia shangazi, ni mentalisti. Akajaribu, "Mentolisti." Nikamwambia siyo mentoli ya kuchua mgongo, ni menta, mentalisti. Akasema haya, hilo jina lako gumu, mi nitamwita yule mzee wa bahasha. Nikamwambia hilo pia sawa, ilimradi siyo lile la kwanza.