Shibe huchelewa kufika ubongoni

Alfajiri pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, wavuvi wa dagaa wakishuka mitumbwini hukimbilia benchi la mama ntilie. Ugali wa muhogo na sato huisha kabla mchuzi haujapoa. "Mama, ongeza," mmoja husema. Anaongezewa, anakula matonge mawili, anasukuma sahani. Watamcheka kwamba ana macho ya njaa. Mimi simcheki: taarifa ya shibe ilikuwa bado njiani.

Inakokwenda ni ubongoni, hasa kwenye haipothalamasi, kijisehemu cha gramu 4 hivi kilicho chini kabisa ya ubongo. Humo zimo seli zinazoamsha njaa na nyingine zinazoituliza, na baadhi hupima zenyewe sukari iliyomo kwenye damu. Ubongo una sababu ya kuwa mwangalifu: ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati tukiwa tumepumzika.

Tumbo likiwa tupu hutoa grelini, homoni ya njaa ambayo watafiti wa Japani waliitambua mwaka 1999. Chakula kikiingia, tumbo hutanuka, na kutanuka huko ni ishara ya shibe. Kikifika utumbo mwembamba, seli za ukuta wake "huonja" protini na mafuta, kisha hutoa homoni zinazoamsha neva ya vagasi, na neva hiyo ndiyo inayopeleka habari juu. Yote hayo huchukua dakika kadhaa. Mlaji wa haraka huyatangulia. Soda nayo hupita tumboni upesi na ina sukari tupu, ndiyo maana chupa nzima haipunguzi ugali sahanini.

Kuna pia habari za akiba. Mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake huko New York waligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili kuuambia ubongo ghala lina kiasi gani. Watu wengi wanene wanayo leptini tele. Tatizo ni kwamba ubongo wao hauisikii sawasawa. Kumwambia mtu kama huyo "jizuie tu" ni kumwonea.

Turudi kwa mvuvi wetu. Amekesha akivuta nyavu, na mtu asiyelala vya kutosha grelini yake huelekea kupanda, leptini ikashuka. Saa nne asubuhi, akiwa ameshashiba sato, utamkuta anaulizia chapati.